Marathon: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Historia na Falsafa ya Mbio za Kilomita 42

Maswali haya hujirudia kila msimu wa mbio unapofika. Mengine ni ya historia na yana jibu. Mengine ni ya kubishania kijiweni, na hayo yamejibiwa kwa maoni ya mwandishi, kwa hiyo msomaji ana haki ya kukataa. Majibu hayalingani kwa urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

Je, Wagiriki wa kale walikimbia marathon?

Hapana. Katika michezo ya Olimpia, ambayo kwa mapokeo ilianza mwaka 776 KK, mbio iliyoheshimiwa kuliko zote ilikuwa ya urefu mmoja wa uwanja, karibu mita 192. Mshindi wa kwanza anayekumbukwa, Koroibos wa Elis, anatajwa kuwa alikuwa mpishi. Baadaye zikaongezwa mbio za kwenda na kurudi, kisha mbio ndefu ya kuzunguka mara nyingi, ambayo hata kwa makadirio ya juu haikufika kilomita 5. Kukimbia makumi ya kilomita ilikuwa kazi ya tarishi. Miji ya Kigiriki ilikuwa na watu wa kubeba ujumbe kwa miguu mchana kutwa, na hakuna aliyewapigia makofi barabarani.

Na yule tarishi aliyekimbia kutoka Marathon akafa, ni kweli?

Kuna tarishi, lakini safari yake ilikuwa nyingine. Herodotus, aliyeandika katika karne ileile ya vita vya Marathon vya mwaka 490 KK, anasema kabla ya vita Waathene walimtuma mtu kwenda Sparta kuomba msaada dhidi ya Waajemi. Ni umbali wa karibu kilomita 240, naye alifika siku iliyofuata. Wasparta wakamjibu kwamba desturi ya dini yao haiwaruhusu kutoka kabla mwezi haujawa mpevu. Kuhusu mtu aliyekimbia kutoka uwanja wa vita hadi Athens, akatangaza ushindi na kuanguka akafa, Herodotus hana hata neno moja.

Hadithi hiyo inajitokeza kwa waandishi waliokuja zaidi ya miaka 500 baadaye. Plutarch anampa tarishi majina mengine kabisa. Lucian ndiye anayemwita Philippides. Mwaka 1879 mshairi Mwingereza Robert Browning aliziunganisha safari zote mbili katika shairi moja, na Ulaya ya wakati ule, iliyokuwa imeipenda Ugiriki ya kale kupita kiasi, ikalimeza. Mwaka 1894 msomi Mfaransa Michel Bréal akapendekeza kwa Pierre de Coubertin, mwasisi wa Olimpiki ya kisasa, kwamba Olimpiki mpya iwe na mbio ya kuikumbuka safari hiyo, na akaahidi kikombe. Kwa hiyo marathon ni mchezo wa karne ya 19 uliovalishwa joho la kale.

Anayetaka kufuata nyayo za tarishi wa Herodotus anaweza. Mwaka 1982 maofisa wa Jeshi la Anga la Uingereza walijaribu njia hiyo ya Athens hadi Sparta ili waone kama inawezekana, na tangu 1983 kuna mashindano ya kila mwaka ya kilomita 246.

Kwa nini kilomita 42 na mita 195? Nani alikaa akachagua namba kama hiyo?

Hakuna aliyeichagua kwa hesabu. Mbio ya kwanza, Athens mwaka 1896, ilikuwa ya karibu kilomita 40, na Spyridon Louis alishinda kwa saa 2:58:50. Kwa miaka mingi baada ya hapo kila mwenyeji alipima anavyoona inafaa. London mwaka 1908 mbio zilianzia kwenye kasri la Windsor na kuishia uwanjani mbele ya jukwaa la familia ya kifalme: maili 26 na yadi 385. Stockholm mwaka 1912 wakarudi kwenye kilomita 40.2, Antwerp mwaka 1920 wakapanda hadi karibu 42.75. Mwaka 1921 shirikisho la riadha la kimataifa likaamua kuumaliza ubishi na kuuchukua urefu wa London.

Namba haina siri wala sayansi. Mwili hauna mlango unaofunguka kwenye mita ya 42,195. Kinachoipa uzito ni kwamba wote waliikubali, na tangu hapo mtu wa Eldoret, wa Boston na wa Tokyo wanaweza kuulizana, “Ulitumia muda gani?” wakaelewana.

Nilikimbia “marathon ya kilomita 5” ya hisani. Naweza kusema nimekimbia marathon?

Hapana. Fulana utabaki nayo.

Kama shabaha ni kufika, kwa nini usipande basi?

Hili huulizwa kwa utani, ila ndilo swali zito kuliko yote ya ukurasa huu. Bernard Suits, mwanafalsafa aliyefundisha Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, alilijibu mwaka 1978. Kwa mtazamo wake, kucheza ni kujitakia vikwazo ambavyo hakuna aliyekulazimisha kuvipata, kisha kujaribu kuvishinda. Mchezo una shabaha yake: mpira uvuke mstari wa goli, mkimbiaji avuke mstari wa mwisho. Una kanuni zinazokataza njia rahisi ya kuifikia shabaha hiyo. Na una watu wanaozikubali kanuni, kwa sababu bila hizo hakuna cha kucheza. Basi lingekufikisha mapema zaidi, lakini ukilipanda hujashinda marathon wala hujashindwa. Umesafiri tu.

Wadanganyifu wamekuwa wakilithibitisha jambo hili tangu siku ya kwanza. Kule Athens mwaka 1896, Spyridon Belokas alimaliza wa tatu, ikagundulika kwamba sehemu ya njia alipanda gari la farasi. Nafasi yake akapewa Gyula Kellner wa Hungaria. Mwaka 1904 kule St. Louis, Fred Lorz alipanda motokaa karibu maili 11, ikaharibika, akashuka na kukimbia hadi uwanjani, akapokelewa kwa shangwe kama bingwa kabla ya kuumbuliwa. Mwaka 1980 Rosie Ruiz alijipenyeza kwenye njia ya Boston karibu na mwisho, akavishwa taji, na siku nane baadaye akavuliwa. Bingwa halali alikuwa Jacqueline Gareau wa Kanada.

Suits angesema Ruiz hakushinda kwa hila, kwa sababu hakuwamo mashindanoni. Wapo wanafalsafa wanaompinga: kwa mantiki hiyo, beki anayemvuta jezi mshambuliaji kwa makusudi dakika ya 88 naye ameacha kucheza mpira, jambo ambalo shabiki wa Simba na shabiki wa Yanga watalikataa kwa pamoja, pengine kwa mara pekee maishani. Pingamizi hilo lina nguvu kwenye soka, ambako faulo ina adhabu yake ndani ya mchezo na mchezo unaendelea. Kwenye marathon halina. Hakuna kadi ya njano ya kupanda motokaa.

Basi mazoezi na michezo ni kitu kimoja?

Vinakutana mwilini, vinaachana kwenye kusudi. Wanaokwenda jogging Jumapili asubuhi Dar es Salaam, wakiimba na kuziba njia nusu, wanafanya mazoezi: faida yake ni afya, kujuana na kucheka, na aliyekatisha njia hajamwibia mtu. Ukiweka mstari wa mwisho na mtu mwenye saa, umeanzisha kitu kingine.

Wagiriki hawakuvitenganisha na elimu pia. Akademia ya Plato ilikuwa kwenye eneo la mazoezi nje ya kuta za Athens, na Likeio, ambako Aristotle alifundisha, ilikuwa hivyohivyo. Vijana walikuja kushindana mieleka na kukimbia, na wenye maswali wakawafuata hapohapo. Lakini manung'uniko nayo ni ya kale: mshairi Xenophanes, kabla hata ya Plato, alilalamika kwamba mji unamtukuza mkimbiaji na bondia kuliko mwenye hekima, wakati ushindi wao haujazi ghala. Ukimbadilishia jina, ungedhani anaandika leo kuhusu mishahara ya wachezaji.

Kwa nini anayesaidiwa kuvuka mstari anaondolewa? Si ukatili?

Kisa kinachotajwa siku zote ni cha London 1908. Muitaliano Dorando Pietri aliingia uwanjani akiwa wa kwanza, amechoka hajitambui, akageuka upande usio, akaanguka mara kadhaa. Waamuzi na madaktari wakamwinua na kumsindikiza hadi mstarini. Wamarekani wakakata rufaa, Pietri akaondolewa, na ushindi ukaenda kwa Johnny Hayes. Siku iliyofuata Malkia Alexandra alimpa Pietri kikombe cha kumfariji, na leo anajulikana kuliko Hayes.

Sasa kiweke kando ya kisa cha Los Angeles 1984. Gabriela Andersen-Schiess wa Uswisi aliingia uwanjani kwenye joto kali akiwa amepinda upande, mguu mmoja anauburuta. Madaktari walitembea kando yake wakimchunguza, wakaona bado anatoka jasho, wakamwacha, kwa sababu kumgusa kungemwondoa mashindanoni. Akamaliza, wa 37, akaanguka mikononi mwao baada ya mstari. Kipi kilikuwa cha utu zaidi, kumgusa au kutomgusa? Kwa maoni yangu madaktari wa 1984 walimheshimu zaidi. Walikuwa tayari kumwokoa angefikia hatari, lakini hawakumpokonya kitu alichokifuata kwa umbali wote ule. Waliomwinua Pietri walimwonea huruma, na huruma yao ikamgharimu kila kitu isipokuwa kikombe.

Hatari ni ya kweli, tusiipuuze. Mwaka 1912 Mreno Francisco Lázaro alianguka kwenye marathon ya Stockholm na kufa.

Kwa nini John Stephen Akhwari anakumbukwa kuliko washindi?

Tarehe 20 Oktoba 1968, Olimpiki ya Mexico City, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200. Akhwari, kijana wa Mbulu, alianguka katikati ya mbio akaumia goti na bega. Akafungwa bandeji, akaendelea, mara anakimbia, mara anachechemea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, kwa 3:25:27, giza limeshaingia na watazamaji wengi wameshaondoka. Alikuwa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Wengine waliachia njiani. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake lilikuwa kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile aanze mbio, ilimtuma azimalize.

Siku hizi kisa hiki kinasimuliwa kwenye semina na mahubiri kana kwamba maana yake ni “kumaliza ndiko kushinda”. Sikubaliani. Akhwari alishindwa, na alijua ameshindwa. Hakuwa mtu wa kujifurahisha aliyepotelea kwenye Olimpiki: mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alishika nafasi ya tano kwa 2:15:05, muda ambao wakati ule ulikuwa wa kuheshimika duniani. Mexico alikwenda kushindana. Ukimwambia alishinda, unamfuta mkimbiaji na kumweka mtakatifu.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba jibu lake linamtia Suits mashakani. Falsafa ya Suits inamtaka mchezaji aliyejitakia vikwazo mwenyewe, kwa raha ya mchezo. Akhwari anasema nilitumwa. Tanganyika ilikuwa na uhuru wa karibu miaka saba, Muungano ulikuwa na miaka minne, na mwanariadha alikwenda ugenini kama mjumbe. Mjumbe haulizwi kama anajisikia. Hapo mbio zinarudi kuwa kazi ya tarishi, ile ambayo Wagiriki hawakuihesabu kuwa mchezo. Sidhani hilo linaipunguzia thamani. Linaonyesha tu kwamba ufafanuzi wa mchezo uliotungwa kwa kumfikiria mtu mmoja mwenye hiari yake hautoshi kumweleza mtu aliyevaa jezi ya taifa.

Wanawake walianza lini?

Walianza siku moja baada ya wanaume. Mwaka 1896 mwanamke Mgiriki, Stamata Revithi, alinyimwa nafasi, akaikimbia njia ya Marathon peke yake kesho yake. Kuruhusiwa ndiko kulikochukua karibu miaka 90.

Amsterdam 1928 wanawake walipewa mita 800. Magazeti yakaandika kwamba walianguka ovyo mwishoni, ushahidi, eti, kwamba maumbile yao hayawezi. Umbali huo ukaondolewa kwenye Olimpiki kwa wanawake hadi 1960. (Wanaume wanaojitupa chini baada ya mbio husifiwa kuwa wamejitoa.) Mwaka 1966 Bobbi Gibb alijificha kwenye vichaka vya Boston, akaingia kati ya wanaume bila namba na kumaliza. Mwaka 1967 Kathrine Switzer alijiandikisha kwa herufi za mwanzo za majina yake, akapewa namba 261, na msimamizi wa mbio akamkimbilia barabarani kujaribu kumnyang'anya. Picha za tukio hilo zilizunguka dunia. Boston iliwafungulia wanawake rasmi mwaka 1972, Olimpiki mwaka 1984, ambako Joan Benoit wa Marekani alishinda kwa 2:24:52.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Tegla Loroupe wa Kenya alishinda New York mwaka 1994, mwanamke wa kwanza Mwafrika kufanya hivyo. Catherine Ndereba alishinda Boston mara nne na mwaka 2001 akaweka rekodi ya dunia ya 2:18:47 kule Chicago.

Mwafrika wa kwanza kwenye marathon ya Olimpiki ni Abebe Bikila?

Bikila ni bingwa wa kwanza Mwafrika mweusi, si mshiriki wa kwanza. Mwaka 1904 kule St. Louis walikimbia Watswana wawili wa Afrika Kusini, Len Taunyane na Jan Mashiani. Hawakuletwa kwa ajili ya Olimpiki: walikuwa kwenye maonyesho ya dunia yaliyofanyika mjini humo, katika igizo la Vita vya Makaburu. Taunyane alimaliza wa tisa licha ya kufukuzwa na mbwa nje ya njia, Mashiani wa 12.

Bikila alikuja Roma mwaka 1960, akakimbia peku, usiku, akashinda kwa 2:15:16 na kumalizia kwenye tao la Konstantino. Njiani alipita kando ya mnara wa Aksum, ambao Italia ya Mussolini iliung'oa Ethiopia na kuusimamisha Roma mwaka 1937. Karibu na mnara huo ndipo alipomwacha Mmoroko Rhadi Ben Abdesselam. Tokyo 1964, wiki chache baada ya kupasuliwa kidoletumbo, alishinda tena, safari hii na viatu.

Je, Wakenya na Waethiopia wamezaliwa wakimbiaji?

Mwinuko upo: Iten iko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na mwili unaokulia huko hutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi za damu. Umbo lipo: watafiti wamegundua kuwa wakimbiaji wa Bonde la Ufa wana ndama za miguu nyembamba, na mguu mwepesi hula nguvu kidogo kila hatua. Lakini watu wanaishi milimani Nepal na Bolivia pia, na hatuwaoni mbele London wala Berlin.

Kilichoongezwa ni utaratibu. Kenya ilikuwa na chama chake cha riadha tangu 1951. Shule za misheni zilikuwa na mashindano ya kila mwaka. Jeshi, polisi na magereza waliajiri wakimbiaji. Na tangu 1976 Bruda Colm O'Connell, Mwairishi, amekuwa akifundisha vijana shule ya St. Patrick's, Iten. Na yapo mazoezi ya alfajiri ya makundi makubwa, ambayo kijana asiye na jina anakimbia nyuma ya bingwa wa dunia na kupima mwenyewe umbali uliobaki kati yao.

Mnaposema “wamezaliwa hivyo”, angalieni mnachokifuta. Mzungu akishinda tunasifu nidhamu yake. Mkalenjin akishinda tunasifu milima.

Tanzania ni ushahidi mzuri hapa. Nyanda za Mbulu, Hanang na Singida zina mwinuko, na nchi imetoa wakimbiaji wakubwa: Gidamis Shahanga alishinda marathon ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978, Juma Ikangaa alikuwa wa pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990, ule wa kwanza akizidiwa sekunde moja na Mkenya Ibrahim Hussein, na mwaka 1989 akashinda New York kwa 2:08:01. Milima ni ileile. Kilichopungua kwa miongo iliyofuata ni mashindano, makocha na fedha.

Fedha zimeharibu riadha?

Wanaouliza hivi hufikiri hapo zamani watu walikimbia kwa ridhaa tupu, bila malipo. Olimpia mshindi alivishwa shada la majani ya mzeituni, ni kweli, lakini akirudi kwao alilipwa: Plutarch anasema sheria za Solon wa Athens zilimpa bingwa wa Olimpiki drakma 500. Riadha ya ridhaa ni uvumbuzi wa Waingereza wa karne ya 19, na kusudi lake halikuwa safi. Kanuni ya klabu yao ya mwaka 1866 iliwakataa mafundi na vibarua wa kazi za mikono, ili mabwana washindane wao kwa wao. Mwaka 1913 Jim Thorpe alivuliwa medali zake za Stockholm kwa sababu aliwahi kulipwa kidogo kucheza besiboli. Alirudishiwa haki yake kikamilifu mwaka 2022, karibu miaka 70 baada ya kufa. Paavo Nurmi alizuiwa kukimbia marathon ya Los Angeles mwaka 1932 kwa kosa la namna hiyo.

Boston ilianza kutoa zawadi ya fedha mwaka 1986. Kwa mtoto wa mkulima wa Nandi au Mbulu, kanuni ya ridhaa ilikuwa mlango uliofungwa. Fedha ilileta mawakala wabaya na vishawishi, lakini atakayesema afadhali zamani ataje kwanza yeye angelishwa na nani.

Kwa nini 1:59:40 ya Kipchoge haikuwa rekodi ya dunia?

Kwa sababu kanuni za rekodi ni kali kuliko kanuni za kushangilia. Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alikuwa na wawekaji kasi 41 wanaopokezana, gari la mbele linalomulika mstari wa leza barabarani, vinywaji vinavyoletwa kwa baiskeli, na hakuwa na mpinzani hata mmoja. Kanuni zinataka mashindano ya wazi na hazikubali wawekaji kasi wapya kuingia katikati. Kipchoge alijua. Hakudai rekodi, alitaka kuonyesha kwamba mwili wa binadamu unaweza.

Geoffrey Mutai yake ilikuwa chungu zaidi. Mwaka 2011 alishinda Boston, mashindano halali kabisa, kwa 2:03:02, muda ambao hadi siku ile hakuna aliyekuwa ameufikia. Haukuhesabiwa, kwa sababu njia ya Boston inateremka kupita kiwango na mwisho wake uko mbali mno na mwanzo, kwa hiyo upepo unaweza kukusukuma njia nzima.

Viatu navyo vilizua mtafaruku. Baada ya nyayo nene zenye bamba la kaboni kuanza kuangusha rekodi, Januari 2020 World Athletics, yaani shirikisho la riadha la kimataifa, ikaweka mipaka: unene usizidi milimita 40, bamba lisizidi moja. Kelvin Kiptum aliposhinda Chicago mwaka 2023 kwa 2:00:35, alikuwa ndani ya kanuni hizo. Bikila alivua viatu, Kiptum alivaa vya milimita za kuhesabiwa. Kila mmoja alikimbia kwa makubaliano ya wakati wake. Kuulizana nani angemshinda nani ni starehe ya mezani, na haina jibu.

Kuishi Iten kunaongeza chembe nyekundu za damu, na EPO, homoni ya kudungwa sindano, inaziongeza pia. Kwa nini moja ni halali na nyingine marufuku?

Swali gumu, na wanaolijibu kwa haraka hawajalielewa. Kigezo cha “asili” hakisaidii: Mfini Eero Mäntyranta, bingwa wa Olimpiki wa kuteleza kwenye theluji, alizaliwa na badiliko la jeni lililompa damu nzito kuliko ya wengi, na hakuna aliyemvua medali. Mwaka 2006 WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, ilifikiria kuyapiga marufuku hata mahema yanayoiga hewa ya milimani, kisha ikayaacha.

WADA hutumia vigezo vitatu: kitu kinaongeza uwezo, kinahatarisha afya, au kinakwenda kinyume na roho ya michezo, viwili vikitimia, kinaweza kupigwa marufuku. Hicho cha tatu kinachekwa na wengi kwa ulegevu wake, nami naona ndicho chenye ukweli. Mwinuko unakufanyia kazi ukiwa unaufanyia kazi: bado utaamka saa kumi na moja, utapanda kilima. Sindano hukupa matokeo ya juhudi bila juhudi, kama basi lilivyokupa mwisho wa safari bila safari. Tena mashindano ya leo yanasimama juu ya makubaliano kwamba haipo. Mwaka 1904 Thomas Hicks alipewa strikinini, sumu ya panya, pamoja na mayai mabichi na brandi njiani, akabaki bingwa, kwa kuwa kanuni ya kuikataza haikuwepo. Shirikisho la riadha lilianza kukataza dawa mwaka 1928.

Jambo hili si la Wazungu wa zamani tu. Ruth Chepngetich wa Kenya alikimbia Chicago kwa 2:09:56 mwaka 2024, mwanamke wa kwanza chini ya 2:10. Mwaka uliofuata alifungiwa miaka mitatu baada ya sampuli yake ya Machi 2025 kukutwa na dawa iliyopigwa marufuku.

Wanaotumia viti vya magurudumu wanashindana na nani?

Wao kwa wao. Mwaka 1975 Bob Hall aliahidiwa cheti cha Boston iwapo angemaliza chini ya saa tatu. Akamaliza kwa 2:58. Leo viti vina kasi kuliko miguu: Marcel Hug wa Uswisi alimaliza Boston ya 2024 kwa 1:15:33.

Alphonce Simbu alishinda kwa sekunde 0.03. Kweli tofauti hiyo ina maana baada ya kilomita 42?

Tokyo, Septemba 2025, ubingwa wa dunia. Simbu wa Tanzania na Amanal Petros wa Ujerumani walipewa muda uleule, 2:09:48, na picha ya mstari wa mwisho ndiyo iliyoamua. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo, miaka minane baada ya Simbu huyohuyo kuchukua shaba London.

Inategemea unauliza nini. Kama unauliza nani ni mkimbiaji bora kati yao, sekunde 0.03 hazikuambii kitu. Wakirudia wiki ijayo matokeo yanaweza kugeuka. Lakini mbio hazikuitishwa kupima ubora wa jumla. Ziliitishwa kujua nani atafika kwanza siku ile, kwenye barabara ile, na hilo lina jibu kamili hata kama pengo ni la sentimita 20 hivi. Jambo lisilo na maana ni kuchukua usahihi huohuo na kulinganisha miji. Njia za marathon hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio, na wapimaji huongeza mita moja kwa kila elfu ili njia isije ikawa fupi, yaani karibu mita 42 kwa mbio nzima. Kwa kasi ya Simbu hizo ni takriban sekunde nane. Kwa hiyo mtu aliyemzidi mwenzake sekunde mbili, mmoja akiwa Berlin na mwingine Chicago, hajamzidi kwa kiasi cha kubishania. Simbu na Petros walikuwa kwenye mstari mmoja.